Jiwe Jeupe la Kitandani

Shemeji yangu Attracta alikuja mlangoni kwangu asubuhi ya mvua, miguuni viatu vya ndani, kitambaa cha kufutia vyombo kikiwa bado begani. Nikamwambia kama hatimaye amemkimbia kaka yangu Festus basi amechelewa, kwangu kitanda ni kimoja na tayari kina paka. Siku nyingine angenijibu kwamba paka huyo atatangazwa mtakatifu kwa uvumilivu wake. Ndivyo tulivyo mimi na yeye. Tangu aolewe nyumbani kwetu hatujapata kusalimiana kwa maneno ya maana. Asubuhi hiyo alinyoosha kidole kwenye gari langu.

"Malachy, toa gari," alisema. "Festus amepataja."

Sikuuliza amepataja wapi. Mimi shule niliiacha mapema, nikafunzwa na ulimwengu, nao hautozi karo, hutoza vidole. Viwili vyangu viko chini ya ardhi ya Uingereza, ndani ya handaki la reli. Lakini hata mjinga wa kwetu, akimwona mwanamke mzee mwenye sura ile, angejua ni mahali gani. Ni mahali alipolazwa mtoto wake.

Kwetu, miaka hiyo, mtoto aliyekufa kabla ya maji ya ubatizo hakuwa na nafasi kwenye makaburi ya kanisa. Padri alisema amekwenda mahali pa katikati, si mbinguni si motoni, na huko atakaa. Siku hizi mapadri hawapataji tena mahali hapo. Wamepafunga kama duka lililofilisika, wala hakuna aliyewaambia wateja bidhaa zimepelekwa wapi. Basi kazi ilikuwa ya baba. Alimtia mtoto kwenye kisanduku, akachukua sepetu, akatoka kabla watu hawajaamka. Wengine walizika kando ya ziwa, wengine kwenye mpaka wa mashamba mawili, wengine penye mawe ya watu wa kale. Akirudi alinawa mikono, akala, akaenda kazini. Mama, ambaye bado alikuwa amelala na maumivu yake, hakuuliza, na baba hakusema. Kuuliza kulikuwa kama kumkemea Mungu. Majirani walimwambia asali, atapata mwingine.

Attracta alisali. Hakupata mwingine. Alichojua ni kwamba mtoto alikuwa msichana, kwa kuwa mkunga alilitamka hilo kabla ya kuufunika uso wa kichanga na kusema ni heri mama asiuone. Akaishi na hilo ndoa nzima, yeye na mume wake meza moja, sufuria moja, kitanda kimoja, na neno moja lililokaa katikati yao kama mgeni ambaye hakuna anayethubutu kumuuliza ataondoka lini.

Halafu kaka yangu akaanza kupotea akiwa amekaa kitini. Zilianza kumtoka funguo, yakafuata majina ya kondoo wake, kisha likamtoka langu. Akawa ananiita kwa jina la baba yetu, cheo ambacho sikukiomba. Daktari alisema ugonjwa huu unaanza kwa mambo ya karibuni, ya zamani huyala mwisho. Asubuhi hiyo Festus alikuwa anakata kichwa cha yai la kuchemsha. Akatazama dirishani akasema mvua hii itamlowesha mtoto. Attracta akabaki ameshika birika hewani. Akamuuliza taratibu, kama mtu anayemnyemelea ndege, ni mtoto gani. Festus akamjibu huku anachovya mkate kwenye kiini cha yai, kwa sauti ile ile ya kuelezea habari za kondoo: wetu, yule wa Kitandani, upande wa jua kutua, nimemwekea jiwe jeupe. Kisha akaomba chumvi.

"Nataka nikakae naye kidogo," Attracta aliniambia pale mlangoni. "Kidogo tu, shemeji. Leo. Maana huyu akisahau, nani mwingine anajua?"

Nikatoa gari.

Kitanda ni yale mawe makubwa kilimani kwa Ruane: mawe marefu yamesimamishwa kuta mbili, na jingine, pana kama mlango wa ghala, limelazwa juu yake. Wasomi wanasema ni kaburi la watu waliokuwapo kabla hakujawa na jina la nchi. Sisi tunasema ni kitanda, kwa sababu ya msichana mmoja wa zamani aliyemtoroka mchumba mzee, akalala hapo na kijana wake huku wakitafutwa nchi nzima. Hakuna wa kwetu aliyewahi kuling'oa jiwe lolote kati ya yale makubwa. Anayejaribu hupooza mkono; na kama hapoozi, basi ng'ombe wake hukauka.

Festus alifurahi kupelekwa matembezi. Tulimvalisha koti juu ya nguo za kulalia, akavaa kofia yake mwenyewe, akakaa mbele; Attracta naye akabadili viatu vya ndani, akavaa mabuti. Akaniuliza, "Baba, tunakwenda mnadani?" Nikamwambia ndiyo, tunakwenda kumuuza mke wake. Akageuka akamkagua Attracta kwa jicho la mnunuzi, kuanzia unyweleni hadi kwenye mabuti, akasema anaweza kuleta bei nzuri akifunga mdomo. Attracta alicheka hadi akajifuta macho. Alikuwa amechangamka kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni kituoni. Mapajani alikuwa na mfuko wa mkate wa kahawia na chupa ya chai, kwa kuwa alikusudia kukaa.

Penye lango la Ruane tulikutana na wageni wawili wanashuka, mume na mke wenye makoti mekundu ya mvua na kitabu chenye picha. Walituambia tusikose kuingia mpaka ndani, kuna utulivu wa ajabu. Nikawaambia ni kweli, waliomo ni nadra sana kulalamika.

Tulipanda polepole, Festus katikati yetu. Mvua ilikuwa imepungua ikawa ule unyevu usioanguka wala kuondoka. Kuzunguka Kitanda, nyasini, kulikuwa na vile vijiwe vingine: vya kijivu, vimepandwa wima, vingine havizidi mkono wa mtu kutoka ardhini, vimeinama huku na huku kama meno ya mzee. Kila mtu wa kwetu anavijua. Hakuna aliyesoma shuleni habari zake, na hakuna asiyejua kuvikwepa anapopita. Ndio watoto.

Festus hakusita. Alituachia mikono, akazunguka jiwe kubwa la nyuma, akashuka hatua chache upande wa machweo, akasimama mahali palipokuwa na nyasi tupu. Akainama. Akanyoosha mkono kama mtu anayetaka kushika kitu ambacho siku zote huwa hapo.

"Liko wapi?" akauliza.

Attracta alipiga magoti. Alianza kutenganisha nyasi kwa vidole, taratibu, kama anayemtafuta mtoto chawa. Nami nikainama upande wangu. Tulipata jiwe la kijivu, tukapata fupa la kondoo, tukapata kizibo cha chupa cha hao wapenda utulivu. Jeupe hakuna. Attracta akasogea mbele kidogo, kisha nyuma kidogo. Akamuuliza mumewe kama si chini zaidi, karibu na ukuta. Festus akasema si huko. Akamuuliza kama si upande wa pili. Festus akaenda upande wa pili kwa utii, akasimama, akatikisa kichwa, akarudi pale pale penye nyasi tupu.

"Nililiokota mtoni mimi mwenyewe," alisema. "Nililipandisha kwa mkono. Nani ameliondoa?"

Nilimnong'oneza Attracta kwamba anachanganya, pengine anakumbuka mlima mwingine, pengine jiwe lenyewe ni la ndotoni. Nilidhani namsaidia. Alikuwa ameshalowa hadi mapajani, na ule uchangamfu wa garini ulikuwa umemtoka wote. Akanyanyua uso, akamwambia mume wake maneno ambayo sikuwahi kumsikia akimwambia, hata miaka ile Festus alipokuwa akilewa.

"Maisha yako yote umenyamaza. Leo tu, Festus. Leo tu jitahidi. Sikuombi kitu kingine hadi nife. Ulimweka wapi?"

"Hapa," alisema Festus. Akaanza kulia, kama mtoto anayesingiziwa. "Nakwambia ni hapa."

Ndipo akatokea Dympna Ruane na mbwa wake. Ndiye mjane mwenye kilima. Alikuwa ameliona gari langu langoni, na mwanamke huyo haoni gari bila kutaka kujua limebeba nini. Aliponikaribia alisema alidhani nimekufa. Nikamwambia bado, nasubiri atangulie ili nipate mahali pazuri. Akacheka. Kisha akamwona Attracta chini kwenye nyasi, na nadhani alifikiri anachuma maua au dawa, kwa maana alimwita kwa furaha ya kweli.

"Attracta, mwenzangu! Huku hujapanda tangu mwaka wa mawe."

Nilimuuliza mwaka gani wa mawe.

"Wewe utajuaje, ulikuwa kwa Waingereza. Mwaka wa kumheshimu Bikira Maria, tulipojenga pango lake pale njia panda. Padri akataka mawe meupe ya kulizungushia. Basi wanawake wa parokia nzima walipanda hapa. Marehemu mume wangu aliwapa punda na mkokoteni. Yalikuwa yamelala ovyo kote humu nyasini, meupe kama mayai ya bata." Akamnyooshea Attracta fimbo. "Na huyu ndiye aliyekuwa jemadari wetu. Aliyajaza kwenye aproni. Alisema lisibaki hata moja, Mama wa Mungu hapewi makombo."

Akacheka tena, akasubiri tucheke naye.

Attracta hakusogea. Mikono yake ilikuwa bado imetenganisha nyasi, na mahali alipopatenganisha palikuwa na udongo mweusi na maji.

"Nilisema," alisema Festus. "Nilisema lilikuwa hapa."

Alikuwa amesema. Kati yetu sote kilimani pale, wenye akili timamu na asiye nazo, aliyekuwa sahihi ni yeye aliyevaa nguo za kulalia.

Baadaye niliyapanga mambo kichwani, nayo yakajipanga vizuri mno. Vile vijiwe vya kijivu vilivyopandwa, kila mwanamke alivijua na hakuna aliyevigusa. Lakini kulikuwa na mababa ambao hawakutaka kupanda jiwe la kuonekana, wakaogopa padri, wakaogopa maneno ya watu. Wakaokota jeupe mtoni, wakaliweka tu juu ya majani, kama lililosahauliwa. Kila mmoja alilijua lake na hakumwambia mtu, na mkewe ndiye wa kwanza kutoambiwa. Halafu majira yakaja, na wanaume wote waliojua wakapanda meli kwenda Uingereza kuvuna viazi vya watu, kama kila mwaka. Wakabaki wanawake, ambao hawakujua, na padri, na punda.

Nami nakumbuka Krismasi ya mwaka ule, nilirudi pamoja nao. Usiku ule wa kutoka misani wanaume walisimama mbele ya pango jipya, kofia mkononi, wakayatazama yale mawe meupe yaliyozungushwa vizuri. Walisimama muda mrefu kwenye baridi. Padri alifurahi sana, akasema mimbarini Jumapili iliyofuata kwamba hajapata kuona wanaume wameguswa na ibada namna ile. Festus ndiye aliyeondoka wa mwisho. Nilimtania njiani, nikamuuliza kama anataka kuwa mtawa. Aliniambia ninyamaze. Sasa ugonjwa ulikuwa umemfutia Krismasi ile, ukamwachia jiwe.

Pale kilimani Dympna ndiye aliyeelewa kwanza, kabla yangu. Fimbo ilishuka.

"Mnamtafuta nani?" aliuliza.

"Wangu," alisema Attracta.

Dympna aliketi juu ya ukuta wa mawe, kwenye maji, bila kupangusa. Mbwa akaja akaweka kichwa gotini pake. Kisha akasema, si kwetu hasa, kwamba yeye wake hajui hata ni kilima gani. Marehemu mumewe aliondoka na siri hiyo. Sijui alitaka kufariji au la.

Mimi ni mtu wa kutafuta la kufanya. Mambo yakiharibika, mikono yangu hutaka sururu. Nilimwambia Attracta tushuke sasa hivi hadi njia panda, tuling'oe jiwe, tulirudishe, na kama padri wa sasa ana neno aje aniambie mimi. Nilisema maneno mengi. Aliniacha nimalize.

"Lipi, shemeji?" aliuliza.

Yale mawe yalimwagiwa saruji siku ile ile, na kila mwezi wa Mei yanapakwa chokaa, ya mtoni na ya barabarani yote sura moja. Watoto wa shule huyapaka. Attracta ndiye huwachanganyia chokaa.

"Na nikilipata," alisema, "nitaliweka wapi? Pale anaposimama mtu asiyejua leo ni siku gani?"

Hakusema kwa ukali. Alimtazama Festus, ambaye sasa alikuwa ameegemea lile jiwe kubwa la nyuma na kulipapasa kama shingo ya farasi, amesahau kwamba alikuwa analia. Alimwendea. Nilijua anajaribu mara ya mwisho, na nilitamani asijaribu. Alimshika mikono yote miwili, akamuuliza swali ambalo nadhani ndilo lililokuwa chini ya maswali yote.

"Uliuona uso wake? Kabla hujafunika, uliutazama?"

Festus alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu mliyekutana naye dukani.

"Wa nani, mama?" akasema.

Attracta aliitikia kwa kichwa. Akayatazama majani yote yale, kutoka kwenye Kitanda hadi ukutani, hakuna mahali palipokuwa tofauti na pengine. Kisha akaketi, akafungua kamba za mabuti yake, akayavua, akavua na soksi. Nilimuuliza anafanya nini kwenye baridi ile. Alisema hajui kama yuko juu yake au la, na hataki kumkanyaga kwa buti. Akashuka hivyo, mzee wa miguu myeupe yenye mishipa, anaweka unyayo mmoja mmoja. Nami nikavua vyangu. Soksi zangu zilikuwa na matundu ya kuogopesha, na hakuna aliyezitania. Festus peke yake alishuka na viatu, anapiga mluzi. Mkate na chai tulivirudisha kama vilivyo.

Garini Attracta aliniomba nisipitie njia panda. Nikachukua njia ya kinamasini, ndefu, yenye mashimo, ambako hakuna chochote isipokuwa maji na anga. Hatukuwa tumefika mbali Festus akageuka akauliza tumetoka wapi.

"Tumetoka kumtafuta mtoto wetu," Attracta alimwambia.

"Amepotea?"

"Alikufa, Festus. Zamani."

Akalia. Alilia kama mtu aliyepewa habari saa ile ile, kofia usoni, mabega yanatikisika. Akauliza alikuwa wa kiume au wa kike, akaambiwa, akalia zaidi. Attracta alimshika bega kutoka nyuma. Kisha tukapita punda wawili wamesimama mvuani, na Festus akawatazama, akapendezwa nao. Machozi yalikuwa bado mashavuni alipogeuka akauliza tumetoka wapi.

Akamwambia tena. Akalia tena, kwa nguvu zile zile, kwa mshangao ule ule. Nilishika usukani nikatazama barabara. Nimeona watu wawili wakitolewa handakini wamekufa na sikuwahi kutaka kuziba masikio kama nilivyotaka wakati huo.

Alipouliza tena, Attracta alikawia. Kwenye kioo nilimwona anayatazama mashavu ya mume wake yaliyolowa.

"Tulikwenda kuona yale mawe ya kale," alisema.

"Ya Kitandani?"

"Hayo."

"Bado yapo?"

"Yapo."

Festus alivuta kofia, akajilaza kitini, ameridhika. Alisema ni vizuri, na kwamba hakuna haja ya kuyasumbua, wageni wanayapenda. Attracta alisema ndiyo, wanayapenda sana. Akageuza uso dirishani, miguu yake mitupu ikiwa imekunjwa chini ya koti, na nikaendesha.